Jina Lililokwisha Muda

Simu iliita saa tatu asubuhi, Mama Soli akiwa amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka minne, tepu mkononi, penseli katikati ya meno. Alikuwa anapima mguu wa kushoto, ule uliopinda kwa ndani, na mguu wa namna hiyo haupimwi kwa pupa; mtoto akihamisha uzito hata kidogo, kipimo kimekwenda na maji. Akaiacha simu ilie. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia mara ya tatu. Anayepiga mara tatu ana lake jambo. Mama Soli akatoa penseli mdomoni, akapokea.

Alikuwa mama mmoja wa mbali, mteja wao wa miaka mitatu. Hakusalimu. Aliuliza kama karakana imefungwa, aambiwe tu ajue moja, atafute pengine. Alisema alituma picha za miguu ya mwanawe wiki mbili zilizopita, kimya. Jana akatuma tena, barua ikamrudia kama ilivyokwenda. Alipofungua tovuti yao akakutana na matangazo ya mikopo ya papo kwa papo na dawa ya kupunguza tumbo.

"Vidole vya mwanangu vimeshagusa mbele," alisema. "Sasa anatembelea visigino. Nimwambie nini?"

Mama Soli aliomba radhi, akasema mtandao una hitilafu ndogo, akaomba picha zitumwe kwenye simu yake. Alipokata, alijaribu kuifungua tovuti mwenyewe. Matangazo yalikuwepo, tumbo kubwa upande huu, tumbo dogo upande ule, na juu kabisa, kwa herufi ndogo, jina la karakana yao kama mtu aliyesukumwa pembeni kwenye baraza yake mwenyewe.

Karakana ilikuwa ya watu wawili. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, na yeye mkewe pia mbele ya wageni, alikuwa akishona viatu vya miguu ambayo viatu vya dukani haviitaki: miguu iliyopinda, miguu iliyopishana urefu, miguu iliyokatwa vidole. Mama Soli ndiye aliyepima, aliyeandika kwenye daftari, aliyejibu barua na kufunga vifurushi. Watoto wa wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa kila akikabidhi kiatu hukigeuza kwanza awaonyeshe soli, ambako anwani ya tovuti ilikuwa imegongwa mhuri wa moto. Mguu ukikua, mzazi anageuza kiatu, anasoma, anaandika. Katika kila jozi kumi, saba ziliagizwa kwa njia hiyo. Wauguzi wa hospitali za mbali walikuwa wakiiandika anwani ile kwenye vikaratasi na kuwapa wazazi hata kabla ya kuwapa moyo.

Na kumbe kwa wiki tatu barua zilikuwa zimepungua, na yeye alikuwa ameona. Alijiambia ni mwezi wa ada, watu hawana hela. Hilo ndilo lililomuuma alipokuwa akifunga kitambaa kichwani kwenda kutafuta msaada. Aliona, akajipa jibu mwenyewe, akaendelea kufunga vifurushi.

Fundi hakuinua kichwa. Alisema mtandao ni kama umeme, huenda na kurudi.

Mtaalamu wa karibu alikuwa dada mmoja mwenye chumba chembamba cha kutengeneza kompyuta, kimebanwa kati ya duka la dawa na duka la madaftari. Alikuwa mjamzito wa miezi minane, kompyuta ameiweka juu ya tumbo kama meza. Aliandika jina la tovuti, akasoma hadi chini.

"Nani aliisajili?"

Mama Soli akasema ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, zamani.

"Mngemuuliza mapema." Kisha akaeleza, polepole, maana aliona mgeni hajui. "Jina la tovuti hulinunui, mama. Unapanga, mwaka kwa mwaka, kama chumba. Kodi ikipita, mwenye nyumba anakuvumilia. Akichoka, anatoa vyombo vyako nje lakini anavifunika turubai: ukija na kodi na faini, unavirudisha ndani. Ndipo mlipo. Turubai linaondolewa Ijumaa. Baada ya hapo jina linafungiwa siku tano, halishikwi na mtu yeyote, halafu linaachiwa. Atakayewahi ni lake."

"Nasi tutawahi."

"Anayewahi si mtu, ni mashine. Kuna watu kazi yao ni kuvizia majina yenye wageni. La kwenu lina wageni kila siku. Hapa naona wanne wameshaliwekea nafasi."

Mama Soli akauliza faini ni kiasi gani, akiwa tayari kuiweka mezani saa ileile. Ilikuwa nyingi lakini inalipika. Bei ya jozi mbili. Tatizo, dada alisema, halikuwa pesa. Anayeruhusiwa kulipa ni mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni shemeji.

Kati ya Fundi na mdogo wake palikuwa na miaka miwili ya kimya. Ugomvi wenyewe ungeweza kusimuliwa katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Siku mashine mpya ya kushonea ngozi ilipowasili waliwaita majirani na wateja wachache waje waione. Mgeni mmoja akaisifu tovuti, akasema bila hiyo asingewajua. Fundi akacheka, akainua nyundo yake. "Huyu mdogo wangu anabonyeza vitufe," akasema. "Kazi ni hii." Watu wakacheka. Mdogo mtu akaweka sahani yake chini, haijaliwa nusu, akaondoka. Hakurudi, na Fundi hakumfuata, maana kwa hesabu yake mkubwa hamfuati mdogo.

Kwa hiyo Jumanne ile, Mama Soli aliposema lazima wamtafute, Fundi aliendelea kupaka gundi. Alisema hilo jina si roho. Litengenezwe lingine, na yeye atachonga mhuri mwingine, jioni moja tu.

"Na viatu ambavyo viko miguuni kwa watu? Utavifuata kimoja kimoja ukavigonge upya?"

"Watapiga simu."

"Simu iko kwenye tovuti, baba."

Fundi akasema basi kampuni ielezwe. Wao ni wenye mali. Karatasi za biashara wanazo. Mwenye mali hanyang'anywi kwa sababu ya ndugu aliyesusa.

Jumatano nzima ilikwenda kwa kampuni. Haikuwa na ofisi ya kuendea wala simu ya kupigwa. Ilikuwa na kidirisha kidogo kwenye kona ya kioo, na ndani ya kidirisha mashine iliyojitambulisha kwa jina la binadamu. Dada wa kompyuta alifasiri, Mama Soli akajibu. Mashine ikashukuru kwa subira yake. Ikauliza namba ya akaunti. Hakuwa nayo. Ikashukuru kwa subira yake, ikauliza barua pepe iliyotumika kusajili. Akakisia mbili, zote si zenyewe. Baada ya saa moja na nusu akaja mtu wa kweli, au mashine iliyoelimika zaidi, akaomba leseni ya biashara.

Akaenda nyumbani kuifuata, akaipeleka kwa mpiga picha za karatasi aliyetoza kila ukurasa hata ule mtupu. Ikatumwa. Jibu likaja kwamba picha haisomeki. Akarudi kwa mpiga picha yule, ambaye alisema mashine yake haina kosa, kosa ni la leseni iliyokunjwa, akatoza tena. Ikatumwa. Saa kumi jioni kampuni ikaandika kwamba jina lililo kwenye leseni si lile lililo kwenye akaunti, hivyo kwa usalama wa mteja wao hawawezi kuendelea. Ikamtakia siku njema.

"Mteja wao nani?" Mama Soli aliuliza.

"Shemeji yako," dada akajibu. "Kwa macho yao, wewe ndiye mwizi."

Mama Soli akacheka kwa uchungu. Akasema basi afadhali mume wake ashinde, waanze na jina jipya, yaishe. Dada akamtazama kama mtu anayepima kama mgonjwa ataweza kusikia lililobaki.

"Sikutaka kukutisha jana. Jina likichukuliwa, barua zinachukuliwa pia. Si za zamani, zitakazoandikwa. Siku hiyo mzazi akituma picha ya mwanawe, jina, hospitali, namba ya simu, barua itamfikia mmiliki mpya. Nanyi hamtajua. Naye mzazi hatajua."

Mama Soli alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi akakaa. Kwa miaka sita alikuwa amewafundisha wazazi namna ya kupiga zile picha: mtoto asimame wima, miguu wazi hadi magotini, uso uonekane ili ajulikane kama anaumia. Yalikuwa maagizo yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe.

Shemeji alifanya kazi kwenye ofisi ya maji, upande wa kompyuta. Namba yake ya zamani ilikuwa haipatikani tena, na Mama Soli hakuwa na mpya, kwa hiyo Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda kwa miguu yake. Mlinzi wa getini akampa daftari la wageni. Kwenye nafasi ya sababu ya kuja aliandika "binafsi". Mlinzi akasema binafsi haiingii saa za kazi. Akamsaidia: akaikata kwa kalamu, akaandika "malalamiko ya bili", akampa kikaratasi chenye namba sitini na tatu.

Alikaa kwenye benchi na watu waliokuwa na malalamiko ya kweli. Mzee mmoja aliyeletewa bili ya nyumba iliyobomolewa alimuuliza yeye wamemtoza ngapi. Akasema nyingi tu. Baada ya saa mbili alifika dirishani, karani akamwomba namba ya mita. Akasema hana mita, ana shemeji. Watu wa nyuma wakaguna. Karani alikuwa anaanza kumwita namba sitini na nne, ndipo shemeji mwenyewe alipopita nyuma ya vioo na faili kwapani, akasimama, akamwona.

Walizungumza kwenye ngazi za nyuma, karibu na ndoo za mfagizi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimsalimu vizuri, akauliza habari za watoto, na Mama Soli akaona ya kwamba hakushangaa.

"Kampuni ilinitumia maonyo saba," alisema kabla hajaulizwa. "Niliyasoma yote."

"Ukanyamaza."

"Shemeji, miaka sita nimelipa mimi, kwa kadi yangu. Hata baada ya siku ile nililipa. Hakuna aliyewahi kuniuliza inalipwaje. Mwaka huu nikasema, ngoja nione kama kuna atakayeuliza."

Mama Soli miaka sita yote alidhani vitu vile hujilipa vyenyewe, kama jua. Akamwambia amekuja kuuliza, basi, ingawa amechelewa, na kwamba mwisho ni kesho.

"Wewe sina ugomvi nawe. Aje mwenyewe."

"Aje aseme nini?"

"Aseme ile ilikuwa kazi. Neno moja hilo, sitaki zaidi."

Hapo akamweleza habari ya barua. Alisema bila kupamba: picha, magoti, nyuso, namba za simu. Alimwona akibadilika usoni. Shemeji aliweka faili lake juu ya kifuniko cha ndoo.

"Nilifikiria ukurasa tu kuzimika," alisema. "Barua zilinipita akilini." Akatazama saa, akachukua faili, akasema anaitwa ndani. Hakusema atakuja wala hatakuja.

Jioni Mama Soli alimweleza mumewe yote, hata lile neno moja. Fundi alikuwa amebana kalibu la mbao la kuumbia kiatu kati ya mapaja, akilipunguza kwa patasi. Alisema hakumtusi mtu. Alisema utani ni utani, na mtu mzima anayebeba utani miaka miwili ana matatizo yake mengine. Alisema aende akamwambie nini, mbele ya makarani, mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mdogo.

"Nenda ukamwambie hilohilo."

"Sina nafasi. Jozi mbili zinasubiriwa."

"Zitasubiriwa na nani, baba, wakati hawatatuona tena?" Kisha akasema lile ambalo alikuwa amelikalia tangu kwenye ngazi za ofisi. "Siku ile na mimi nilicheka. Nilikuwa pale na sinia mkononi, nikacheka kwa nguvu. Na wakati nacheka nilikuwa najua kabisa ni nani aliyekaa siku nne hapa mezani akiniandalia ile fomu ya vipimo. Nilicheka kwa sababu umesema wewe."

Fundi akaipuliza mbao, vumbi likaruka. Akasema chakula kitapoa.

Ijumaa saa saba mchana shemeji alisimama mlangoni mwa karakana na begi la kompyuta begani. Alisema ameomba ruhusa ya muda wa saa tatu. Alisema "shikamoo, kaka" akiangalia mashine ya kushonea, na Fundi akaitikia "marahaba" akiangalia kiatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao ya kwanza kwa miaka miwili.

Nywila aliikumbuka. Vidole vilikwenda vyenyewe, mlango wa kwanza ukafunguka, na Mama Soli aliyekuwa nyuma ya kiti chake akashusha pumzi. Ndipo kampuni ikasema kwamba, kwa usalama wake, imetuma namba ya siri kwenye simu yake. Ikaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu hiyo. Shemeji akaegemea nyuma. Ilikuwa laini aliyoitupa mwaka jana.

Wakaipiga. Ikapokewa na mwanamke, nyuma yake kelele za soko. Laini alikuwa ameinunua dukani miezi minane iliyopita kama wengine wanavyonunua. Shemeji akaeleza kwa heshima kwamba kuna ujumbe umeingia sasa hivi wenye tarakimu sita, amsomee tu.

"Mnajua nimeonywa mara ngapi kuhusu watu kama ninyi?" mwanamke akasema, akakata.

Walipopiga tena hakupokea. Wakamwandikia, akawazuia. Fundi akajaribu kwa simu yake, kwa sauti ya ukali kidogo, akaambiwa polisi wako karibu na soko. Shemeji akasema mama yule ana haki, hata yeye asingesoma. Saa nane ilikuwa imepita. Mwishowe Mama Soli alichukua simu ya jirani, akatoka nje, akazungumza akiwa amesimama juani. Hakuomba tarakimu. Alisema yeye ni mpimaji wa viatu vya watoto walemavu, akaeleza yaliyowapata, akauliza tu yuko soko gani, wamfuate, awaone kwa macho, kisha aamue.

Alikuwa muuza ndoo na mabeseni ya plastiki. Walimkuta amekaa kati ya minara ya mabeseni, simu ameificha ndani ya pochi, pochi kwapani. Aliwatazama wote watatu kutoka juu hadi chini. Alitaka kuona viatu. Kwa bahati Fundi alikuwa ametoka na jozi moja mkononi bila kujijua, nusu imeshonwa, akamkabidhi. Muuza ndoo akaingiza mkono ndani, akapapasa palipoinuliwa kwa ajili ya kisigino kifupi, akauliza ni cha mtoto wa umri gani. Miaka sita, Fundi akasema. Akarudisha kiatu, akamwambia shemeji aombe namba nyingine, ile ya kwanza imeshapitwa na wakati. Ikaja. Akamsomea Mama Soli sikioni, tarakimu moja moja, wale wanaume wasisikie.

Shemeji alikuwa amefungua kompyuta juu ya beseni lililogeuzwa. Mama Soli akaziingiza zile tarakimu mwenyewe, akaunti ikafunguka. Shemeji akabonyeza mahali pa kukomboa jina. Alama kwenye kioo ikazunguka, ikazunguka, ikatulia. Akasoma, akasogeza uso, akasoma tena.

"Inasemaje?" Fundi aliuliza.

"Inasema muda umekwisha."

"Ijumaa haijaisha."

"Wanafuata saa yao. Kwa saa za hapa mwisho ulikuwa saa tisa kamili." Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Dada wa kompyuta alikuwa ameona tarehe, hakuona saa. Walipompigia aliomba msamaha kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na dakika arobaini zake za kuhesabu: mmoja alisoma maonyo saba akanyamaza, mmoja alisubiri jozi mbili zikamilike, mmoja aliona barua zimepungua akajiambia ni mwezi wa ada.

Muuza ndoo akawauliza kama tarakimu zake ndizo zilizokosea. Mama Soli akamwambia hapana, mama, zako zilikuwa sahihi.

Siku tano jina lilikaa limefungiwa, halina mwenyewe. Siku ya kuachiwa walikusanyika kwa dada wa kompyuta, kidole chake kikiwa juu ya kitufe tangu asubuhi, shemeji akijaribu kwenye kompyuta ya pili. Lilionekana huru kwa muda wa kupepesa jicho. Walibonyeza wote wawili. Lilikuwa limekwenda.

Kufikia jioni tovuti ilikuwa na picha ya magurudumu ya kamari yanayozunguka, na chini yake tangazo kwamba jina hili linauzwa. Bei ilikuwa karibu sawa na ya mashine ya kushonea. Fundi aliitazama ile bei, akasema atauza mashine.

"Halafu jina litashona viatu," Mama Soli akamjibu, naye hakurudia.

Kesho yake walikaa mezani kuandikisha jina jipya, refu kuliko la kwanza na si zuri kama lile. Shemeji aliandika. Alipofika penye nafasi ya mmiliki aliondoa mikono kwenye vitufe. Fundi akakohoa. Ilikuwa dhahiri kwamba kila mmoja angemwachia mwenzake, na kwamba hakuna ambaye angemsamehe mwenzake kwa kukubali. Mama Soli akavuta pochi, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza.

"Andika mimi. Na simu iwe yangu, na kadi iwe yangu. Na unionyeshe inavyolipwa, leo, si siku nyingine."

Shemeji akaandika. Alimwonyesha mara mbili, na mara ya tatu Mama Soli akafanya mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

Kisha akaweka mezani madaftari ya vipimo, yale matatu ya zamani na la sasa. Majina mia nne na kumi na mawili. Kila mzazi ilibidi apigiwe, aambiwe asitume tena picha kwenye anwani iliyo chini ya kiatu. Wengine wangekuwa wamebadilisha namba, wengine wangekata, wengine wangeuliza maswali ambayo hayana majibu. Alisema yeye ana mtoto anasubiri kupimwa. Wao waanze ukurasa wa kwanza. Mdogo asome namba, mkubwa azungumze, maana sauti ya Fundi ndiyo wanayoijua.

Fundi alisema yeye si mtu wa simu. Shemeji akasoma namba ya kwanza, akaisoma polepole, na kaka yake akaibonyeza kwa kidole gumba chenye gundi, akakosea, akaanza upya.

Mama Soli alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa chumba, amemshika mtoto kifundo cha mguu. Alisikia simu ikipokewa. Alimsikia mumewe akijitambulisha, akieleza kwa kukwamakwama kwamba wamepoteza jina lao, kwamba anwani ile sasa ni ya mtu mwingine, mama asiitumie, aandike hii mpya. Akasikiliza. Mzazi wa upande wa pili alikuwa anazungumza, kwa ukali, na sauti yake ilivuja kidogo kwenye simu ikasikika chumbani: mbona jambo kubwa hivyo limeachwa mpaka likaharibika, lilikuwa jukumu la nani, ni nani hakufanya kazi yake.

Shemeji alikuwa amekiweka kidole kwenye namba ya pili, tayari kuisoma. Hakuinua macho.

"Kazi ilifanywa, mama," Fundi alisema. "Miaka sita ilifanywa vizuri, na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyesema si kazi."

Akasikiliza tena, akaitikia ndiyo, akaitikia ndiyo, akaaga. Aliiweka simu mezani, akafuta gundi kwenye kioo kwa shati lake.

"Inayofuata," alisema.

Kidole cha shemeji kilikuwa palepale kwenye namba ya pili. Akalisogeza daftari karibu na kaka yake, akaanza kusoma.